Punje ya Ulezi Kwenye Kioo

Alhamisi, 2 Agosti 2007

Baridi kali. Upepo wa mashariki, kama kila Agosti. Mke wangu Hellena alinituma sokoni kununua chumvi. Sikufika sokoni.

Nilipita kwa Atusaye, yule mama wa Tukuyu aliyefungua chumba cha kompyuta hapa Milanzi, Sumbawanga. Zipo nne, zimeunganishwa kwa nyaya. Vijana wamekaa wanauana. Ni mchezo wa vita: kila mmoja ana askari wake kwenye kioo, na anamwinda askari wa mwenzake aliyekaa kiti cha pili. Kelele kuliko vita yenyewe!

Nilisimama nyuma yao, mikono mgongoni. Nikagundua jambo la ajabu. Humo risasi huanguka kama risasi ya kweli! Adui wa karibu hulengwa pale alipo. Adui wa mbali, risasi hushuka njiani, hivyo kilengeo cha bunduki lazima kiwekwe sawa na umbali: mita mia, mia mbili, mia tatu. Upepo nao huisukuma kando. Nikawaambia kuwa hayo niliyafundisha kambi ya mgambo kabla wazazi wao hawajaoana. Wakageuka. Mmoja akasema shikamoo Afande.

Milanzi nzima huniita Afande. Nimestaafu bila gari, bila shamba la maana na bila meno ya nyuma. Jina hilo ndilo nililobaki nalo.

Nikawasimulia shabaha yangu ya mwaka 1979. Mita mia mbili, risasi moja, mbele ya mkuu wa mkoa.

Nyanda akacheka. Huyu ni mfugaji, Msukuma wa makamo, huleta maziwa kwa Atusaye kila asubuhi. Akisubiri ndoo yake imiminwe, naye hucheza. Akasema Mfipa kama mimi ana haja gani na bunduki, si ana radi ya kumtumia adui? Kicheko. Nikajibu kuwa Msukuma akipewa bunduki ataifunga kamba aipeleke malishoni. Kicheko kikubwa zaidi. Hapo ningeondoka, ningekuwa nimeshinda.

Sikuondoka. Nilimwambia tushindane.

Alikubali upesi mno. Siku ya Nane Nane, saa nane mchana, wa kwanza kuua mara tano. Akaweka sharti mbele ya wote: nikishindwa, Afande basi. Nitaitwa Eustace, kama siku nilipobatizwa. Nikasema hilo ni dogo.

Si dogo.

Chumvi nilisahau.

Ijumaa, 3 Agosti 2007

Sikupata usingizi. Chanzo ni Baltazari, fundi cherehani. Tulikuwa naye kambini miaka kumi na mmoja. Ndiye pekee anayejua.

Nitaandika hapa, kwa kuwa daftari hili lina kufuli. Sikuwa mkufunzi. Nilikuwa mtunza ghala. Nilitoa bunduki asubuhi na kuzipokea jioni. Shabaha ya 1979 niliiona kupitia dirisha la ghala. Aliyelenga ni Baltazari.

Nilimkuta akipunguza suruali ya mtu. Nikamwomba asiseme neno. Alisema miaka yote hii hakuna aliyemuuliza, na yeye hajibu maswali ambayo hayajaulizwa. Kisha, bila kuinua macho, akauliza kwa nini nisimwambie Nyanda ukweli leo, jambo likaisha. Nikamweleza kuwa kitabu cha mafunzo bado ninacho, na sura ya kulenga ninaijua kwa moyo. Akasema amewahi kumwona mtu akizama akiwa na kitabu cha kuogelea.

Hakuna mtu kama huyo. Nilimuuliza jina lake, hakulitaja.

Jumamosi, 4 Agosti 2007

Mazoezi. Mausi ya kompyuta ina vitufe viwili. Cha kulia huinua kilengeo hadi machoni, cha kushoto hufyatua. Vyote kwa pamoja haviwezekani! Vidole hivi ni vya jembe. Nilitaka kuinua kilengeo, nikajirushia bomu miguuni. Nikafa. Nikafufuka. Nikajirushia jingine. Atusaye akasema, kwa heshima zote baba, adui bado hajafika.

Ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Kilengeo cha mchezo ni cha nini? Nitatengeneza changu!

Nilisubiri aende kuchemsha chai. Kompyuta ya tatu, ile ya pembeni. Nilifyatua risasi kwenye ukuta ulio umbali wa mita mia humo mchezoni, nikatazama zinapogonga. Mahali hapo hapo kwenye kioo nikabandika punje ya ulezi, kwa kipande cha ugali nilichokuja nacho mfukoni. Ndivyo kitabu kinavyosema: piga, tazama, rekebisha, piga tena. Baada ya hapo ni kuweka punje juu ya mtu na kufyatua tu. Nane kati ya kumi! Mita mia, nane kati ya kumi!

Nilirudi nyumbani nikitembea kwa hatua za gwaride. Hellena aliuliza kwa nini koti langu la kanisani lina ugali. Nikasema ni mambo ya kijeshi. Akauliza chumvi nayo imeingia jeshini.

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Baltazari alikuja kunitazama nikifanya mazoezi. Sikumwalika. Aliiona punje, akaitazama kwa muda mrefu. Akakiri kuwa kwa mita mia imekaa sawa. Kisha akauliza nitafanya nini Nyanda akisimama mita mia tatu, maana risasi itashuka.

Nilimsomea kitabu, ukurasa wa arobaini na moja. Penye mwinuko hewa ni nyepesi, na risasi haishuki sana kama pwani. Sasa, Ufipa ni nyanda za juu. Kila mtoto wa shule anajua. Kwa hiyo punje moja inatosha.

Akasema nchi ya humo mchezoni ni kisiwa, bahari inaonekana.

Nikamwambia kompyuta ipo Sumbawanga.

Akageukia upepo. Alionyesha bendera ndogo juu ya mnara humo mchezoni, akasema vijana huitazama hiyo. Nilimhurumia. Bendera ile ni picha! Upepo wa picha utasukumaje risasi? Mimi nimefunga kipande cha kanga ya Hellena mlangoni pa Atusaye. Huo ndio upepo.

Akarudi kwenye cherehani yake. Nilichukulia kuwa ameelewa.

Jumanne, 7 Agosti 2007

Upelelezi. Nilimfuata Nyanda njia ya Mpui, nikajificha nyuma ya kichuguu. Nilitaka kuona anajiandaa vipi.

Hajiandai! Anachunga tu. Ng'ombe mmoja alitaka kuingia katika mahindi ya watu yaliyokaushwa shambani. Alikuwa mbali sana. Nyanda akaokota jiwe, akachuma jani kavu, akaliachia lianguke, akatazama linapokwenda. Kisha akarusha jiwe juu mno, juu kabisa ya mgongo wa ng'ombe, na kidogo kando. Nikacheka peke yangu. Mtu huyu hajui hata kulenga kitu pale kilipo!

Jiwe lilianguka mbele ya pua ya ng'ombe. Ng'ombe akageuka.

Bahati.

Jioni kijana mmoja alinisimamisha, akaniuliza habari ya 1979. Nikamwambia ilikuwa mita mia tatu. Lilitoka lenyewe.

Jumatano, 8 Agosti 2007. Nane Nane

Naandika kwa shida. Nitaeleza kwa utaratibu.

Chumba kilijaa. Wengine walisimama dirishani. Hellena alikuja, amevaa kitenge cha sikukuu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya tatu. Vioo vinang'aa! Atusaye alikuwa amevifuta vyote kwa ajili ya wageni. Alisema samahani baba, kile kimoja kilikuwa na uchafu mgumu, amekikwangua kwa kucha.

Punje ya akiba nilikuwa nayo. Ugali sikuwa nao. Niliibandika kwa chai ya maziwa, mahali nilipokumbuka.

Tukaanza. Nyanda alijilaza juu ya kilima cha mbali. Mita mia tatu, vijana walisema. Nikaweka punje juu ya kofia yake, nikasogea kidogo kwa ajili ya upepo wa mlangoni. Vumbi, chini na kando. Nikafyatua tena. Vumbi. Yeye akafyatua mara moja. Nikafa.

Mara ya pili niliona ni lazima nipime upepo upya. Nikanyanyuka, nikaenda mlangoni. Kanga ilikuwa imelala, upepo umekatika. Niliporudi kwenye kiti nilikuwa nimekufa tena. Nyanda alisema aliona mtu amesimama tu kama mgomba, akadhani anasali.

Mbili kwa bure.

Sasa hakuna upepo, nikalenga moja kwa moja. Punje juu ya kofia. Nikafyatua. Nyanda akaanguka! Mita mia tatu! Chumba kililipuka. Afande! Afande! Hellena alipiga kigelegele. Nilisimama nikapiga saluti, na nikiwa ninapiga saluti Nyanda alifufuka akaniua.

Baada ya hapo sielewi. Punje ile ile, mtu yule yule, lakini risasi zote zilikwenda mawinguni. Tatu ikawa nne. Nne ikawa tano.

Baltazari alininong'oneza kuwa chai haigandishi kitu. Punje ilikuwa inateleza kwenda chini tangu mwanzo, na kila iliposhuka, mimi niliinua bunduki ili kuifikisha kwenye kofia. Kwa kitambo kidogo ilifika mahali pa mita mia tatu hasa, nikapata. Kisha ikaendelea na safari yake.

Maelezo ya kitoto. Ilikuwa ni hewa nyepesi.

Nyanda aliweka mausi chini. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza, mbele ya wote na mbele ya Hellena, niseme kweli, kule kambini nilikuwa nani. Chumba kizima kikanigeukia. Nilimtazama Baltazari. Nyanda akafuata macho yangu, akamuuliza yeye. Sasa alikuwa ameulizwa.

Baltazari akasema nilikuwa mtunza ghala.

Nilitazama viatu vyangu.

Akaendelea, kwa sauti ile ile ya kupima suruali. Alisema kila alfajiri huyu Eustace alitoa bunduki mia mbili, na kila jioni alipokea mia mbili. Miaka kumi na mmoja, haikupotea hata moja. Iliyorudi chafu hakuipokea, hata kama mwenyewe ni mkubwa. Alisema mwaka 1979 kuna mtu alipiga shabaha nzuri mbele ya mkuu wa mkoa, na jioni yake huyu Eustace alimrudisha mara tatu akasafishe mtutu.

Hakusema mtu huyo ni nani. Hakuna aliyemuuliza.

Nyanda alisogeza kiti, akanigeukia. Kisha akasema yeye amechunga tangu utoto, na katika maisha yake amepoteza ng'ombe saba. Saba. Mtu anayetoa mia mbili asubuhi na kurudisha mia mbili jioni, kwa miaka kumi na mmoja, kwao Usukumani mtu huyo hakaliwi kiti chake. Akavua kofia. Akasema shikamoo Afande.

Nikasema marahaba. Nikageuka kuitazama kanga mlangoni. Ni ule upepo.

Njiani Hellena alinishika mkono. Alisema alijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwani hakuna mkufunzi anayehesabu vijiko kila baada ya chakula. Nimeamua, hapa mbele ya daftari hili: kuanzia leo ni kweli tupu.

Ijumaa, 10 Agosti 2007

Chumvi imenunuliwa.

Sokoni nilikutana na mgeni kutoka Msanzi, mfanyabiashara wa maharage, mtu mwenye heshima. Alisikia watu wakiniamkia. Akauliza kwa nini ninaitwa Afande. Nilikusudia kumweleza habari ya ghala. Niliyapanga maneno vizuri kabisa: bunduki mia mbili, asubuhi na jioni.

Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya kungoja.

Nikamwambia mita mia nne. Upepo wa mashariki. Risasi moja. Alishika mdomo. Akasema hata kwenye kompyuta hajawahi kuona mambo hayo, naye ana mpwa wake, fundi wa michezo hiyo, angependa nimfundishe Jumapili baada ya misa. Nikasema hilo ni dogo.

Nyuma yangu mtu alikohoa. Baltazari, na gunia lake la vitambaa. Alilishusha chini. Alikohoa tena.

Ukweli lazima uheshimiwe. Nikamsahihisha mgeni papo hapo: ilikuwa mita mia tatu na tisini.

Kisha nikaenda dukani kununua gundi.