Kiti cha Bonaventura

Jirani yangu Rozalia aliwahi kuniuliza, siku maji ya mvua yalipomfuata mpaka jikoni: "Hivi Mama Yunisi, mbona maji yanafika kila nyumba bila barabara, halafu dawa ikikosa daraja moja tu haiji?"

Nilimwambia amuulize Mungu, ila kwa adabu. Jibu nililipata wiki hii, tena hapa hapa Ujiji, kwenye benchi langu la kahawa, kwa wateja wangu ambao hata salamu wanaibishania.

Asubuhi hiyo Ashraf alikuwa anasoma habari kwenye simu. Tunamwita Waziri kwa sababu ana majibu ya wizara zote.

"Daraja limesombwa. Reli nayo iko chini ya maji. Lori la dawa limekwama ng'ambo."

"Hiyo ya juzi, Waziri," akasema Jumanne. "Tupe mpya."

Jumanne ndiye Redio. Huyu haongei, anarusha matangazo. Ana sukari ya kujichoma sindano, na tangu dawa ziadimike alikuwa akijichoma nusu nusu kama anayeonja mboga. Insulini yake ya mwisho iliisha alfajiri ile. Kituo cha afya hawana, madukani hakuna. Sote tulijua, na ndiyo maana utani siku hiyo ulikuwa mwingi kupita kawaida.

"Mpya hii," Waziri akasema. "Dawa zimezungushwa Mpanda, zikashushwa Karema, zikapandishwa boti. Zinatia nanga Katonga leo asubuhi."

"Kumbe dawa yangu imetembea nchi kuliko mimi. Ikifika nitaipa kwanza pole ya safari, ipumzike, ndiyo nijichome."

"Uiulize na habari za Mpanda."

"Nitaiuliza kama imeniletea mchele."

Tukacheka. Ila mimi nilikuwa namtazama. Kahawa hakuigusa, na jagi langu la maji ya kunywa alikuwa amelimaliza peke yake.

Hapo ikasimama bodaboda, akashuka Bonaventura, mtu wa Simba anayevaa jezi mpaka kanisani chini ya shati. Kakumbatia boksi jeupe la barafu, limefungwa kamba ya nyavu, na kitambaa chekundu kinaning'inia pembeni. Benchi lilikuwa limejaa. Akaliweka boksi chini, akalikalia.

"Mwakeye, Mama Yunisi. Nipe kahawa."

"Mwakeye, baba. Umebeba nini?"

"Samaki, migebuka. Shemeji kanitumia toka Karema, nimetoka kuipokea Katonga."

"Fungua tuione," Waziri akasema.

"Nifungue hapa? Na nyie nawajua? Nitafika nyumbani na harufu tu."

"Basi hata mgonjwa humpi mmoja?"

"Mgonjwa ana sukari, hana njaa."

"Una uhakika ni lako?" nikamuuliza. Boti za kwetu mizigo haiandikwi majina, maana mawimbi yanafuta wino. Kila mtu ana kitambaa chake, na Katonga wanakukabidhi mzigo kwa rangi.

"Mama, shemeji yangu ni Simba wa kuzaliwa. Miaka yote anafunga chekundu. Wale wapakuzi wakikiona tu wananiita kwa jina."

Akanywa kahawa, akajinyoosha juu ya boksi lake.

"Mnajua shida ya hizo dawa? Hazina mwenyewe. Ningekuwa mimi bosi, ningezipokea mwenyewe bandarini, nizifikishe mwenyewe, nisipitie popote."

"Hata kwa kahawa?" Redio akauliza. Sauti ilikuwa imekauka.

"Hata kwa kahawa. Mgonjwa anasubiri, wewe unakunywa kahawa? Una moyo kweli?"

Simu ya Redio ikaita. Ya kwake spika ya sikioni ilishakufa, kwa hiyo anayempigia anasikika mpaka msikitini. Alikuwa Esther, muuguzi wa kituo cha afya.

"Shikamoo, mzee Jumanne."

"Marahaba, mwanangu. Nije?"

"Boksi limefika, mzee. Dereva kalileta mbio toka Katonga. Tumepiga makofi, mganga kaomba dua, tukafungua. Ni migebuka."

"Migebuka ya nini?"

"Ya kula, mzee. Dereva aliambiwa achukue boksi la kitambaa chekundu. Si unajua, mambo ya hospitali ni mekundu."

Macho yote yakashuka taratibu, yakapita kwenye jezi, yakatua kwenye kile kitambaa.

"Kila siku nyekundu ni ya Simba," Bonaventura akanong'ona.

"Ungekuwa Yanga," Waziri akamwambia, "mgonjwa angekuwa keshapona."

"Inuka, baba," nikasema.

Akaruka kama amekalia jiko. Waziri akalivuta boksi kwake, akakata kamba. Juu magazeti, chini ya magazeti vichupa vidogo vimelala kwenye mfuko mkavu, baridi safi, barafu imetengwa chini yake. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kicheko kikaanzia kwa Waziri, kikatubeba sote. Bonaventura alicheka, akarudi kukaa, akasahau kiti hakipo. Tukamsikia mchangani.

"Esther, mwanangu," akaita toka huko chini, "migebuka yangu inarudi lini?"

"Friji letu ni la dawa tu, baba," simu ikajibu. "Imeshaingia kwenye mafuta."

"Redio, chukua kichupa chako kwanza," Waziri akasema huku anafuta machozi. "Halafu tutangazie."

Tukamgeukia, tumejiandaa kwa matangazo ya wiki nzima. Redio akatikisa kichwa. Akarudisha magazeti juu ya dawa za wenzake na ya kwake, akafunika, akakaza kile kitambaa chekundu kwa mafundo mawili. Akajitwika boksi kichwani, akashika njia ya kituo cha afya bila kupitia popote.