Mtaalamu wa Magari Yaliyozama

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya mkwe. Na mkwe mwenyewe bado hajawa mkwe. Posa yangu iko kwake kijijini Busi wiki ya tatu hii, hajasema ndiyo wala hapana.

Juzi mchumba wangu Zuhura akanipigia. "Baba anakuja Dodoma kununua pikapu ya kubebea alizeti. Anaogopa kuuziwa gari lililokumbwa na mafuriko. Nimemwambia wewe ni mtaalamu."

Mimi nafanya kazi masjala. Nafungua mafaili. (Kwenye gari najua pa kutia mafuta na pa kupigia honi.) Nikamjibu, "Mwambie aje." Kisha nikashinda siku mbili naangalia video za ukaguzi wa magari.

Leo asubuhi nikampokea mzee stendi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hili ndilo gari lako?"

"Ndilo, baba. Mwaka wa pili huu, halijawahi kunisumbua."

(Kioo cha nyuma hushuka chenyewe. Redio huwaka nikipita kwenye tuta. Muda wote huo nasingizia vumbi.)

Mzee akaingia, akakohoa. "Naona unapenda manukato." Nimening'iniza vinukizo vinne humo ndani, maana kuna harufu ya nguo zilizoanikwa kivulini ambayo imenishinda.

Tukaenda yadi moja ya magari ya mkononi, Ipagala. Mwenye yadi ni mama mtu mzima, tulimkuta anachambua karanga. Akatuonesha pikapu nyeupe. "Kagueni mnavyotaka, wanangu."

Nikakunja mikono ya shati. "Baba," nikaanza, kwa sauti ya mtu anayelipwa posho ya semina, "sisi huku maji tunanunua kwa ndoo, ndiyo maana tunaibiwa. Gari linazama pwani, linaoshwa, linapigwa rangi, linaletwa kwenye ukavu. Nani atashtuka?"

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa mtu mwingine.

Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. "Tope hubaki huku ndani, baba." Ulikuwa msafi. Nikanusa viti. Nikachungulia taa kama zina ukungu. Kitu hakuna! Lakini mtaalamu ataondokaje bila kuona kosa? Nikatafuta mpaka nikapata nati moja ya kiti yenye kutu, kama punje ya mtama.

"Baba, hili limezama."

Mama akainuka na ungo wake wa karanga. "Mwanangu, hili lilikuwa la mume wangu. Limekaa Kongwa maisha yake yote. Lingezama kwenye nini?"

"Mama, kutu haidanganyi." (Jamani, hata mimi sijui nilikuwa na nani kichwani.)

"Haya. Tuoneshe gari ambalo halijazama, tulinganishe."

Mnajua nilifanya nini? Nikawapeleka kwenye gari langu. Nikafungua mlango mwenyewe, kwa hiari yangu, huku natabasamu.

Nikavuta mkanda. Ukaja, ukaja, ukaja. Kuanzia katikati ukabadilika rangi, kahawia tupu, na mpaka wake umenyooka kama umepigwa rula.

Mzee na mama wakasogea kuutazama.

"Hilo ni vumbi," nikasema.

Mama akakwangua kwa ukucha. "Vumbi gani linashika kama udongo wa kukandikia nyumba?"

 Mzee aliinama, akainua kapeti. Chini yake nati zote zilikuwa zimeliwa na kutu, na kando yake mchanga mweupe, laini. Mzee ni mkulima. Akausugua kwa vidole, akaunusa. "Udongo huu si wa huku," akasema. Akachokonoa tena, akatoka na ganda la konokono wa pwani. Akaniwekea kiganjani.

"Ulilinunua wapi?" mama akauliza.

"Dar. Aliyeniuzia aliniapia halijawahi kuona vumbi."

Mama alicheka mpaka ungo wa karanga ukamponyoka. Na ni kweli, siku ile nilikagua vumbi tu! Nilipuliza chujio la hewa, nikapitisha kitambaa cheupe kila kona. Kitambaa kikatoka cheupe, nikalipa huku namshukuru Mungu. Mtu wa Dodoma adui wa gari anayemjua ni vumbi.

Kioo cha nyuma nacho kikaona huo ndio wakati wa kushuka.

Mzee akanunua pikapu. Ileile niliyosema imezama. Akakaa kwenye usukani, akaniita dirishani.  Nikajua posa ndiyo imerudi.

"Mwanangu, unajua kwa nini nimechelewa kukujibu?"

"Hapana, baba."

"Niliogopa kumpa binti yangu mjanja wa mjini. Wajanja wanatesa wake zao." Akalitazama gari langu, akaniangalia mimi, akaguna. "Leo nimepata uhakika. Ujanja huna hata chembe. Mtume mshenga wako Ijumaa."

Akaondoka. Baada ya muda Zuhura akapiga, analia kwa furaha. "Baba amekubali! Umemwambia nini?"

"Nimemwonesha gari tu."

Basi jamani, ndoa ipo, na mtu asinicheke. Kadi za mwaliko zinakuja. Ila kwenda Busi, kila mtu atajitafutia usafiri wake.