Shubiri Moja ya Waya

Njooni, kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nitakayoyanena si ya kukatizwa! Wengine watawasimulia falme zilizoanguka na majemadari waliovuka mito ya damu. Mimi nawaletea vita kuu ya Kamugaa, soko dogo la Mbeere, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Siakago, ambako Ijumaa moja ya Februari mwaka wa 1994 mwanamke mmoja alipiga simu.

Naam, alipiga simu. Msicheke bado.

Mwanamke mwenyewe ni Wawira wa Kivuti, Mlinzi wa Magunia Arobaini, Simba Jike wa Ndengu, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa Kamugaa. Magunia hayo arobaini yalikuwa yamerundikwa katika stoo ya kanisa, na fukusi, jeshi lisilolala wala kuomba likizo, lilikuwa limeshaanza kazi. Kila asubuhi Wawira alitia mkono guniani, akautoa ukiwa na vumbi jeupe, na kila asubuhi moyo ulimshuka hadi magotini. Akina mama ishirini na wawili walikuwa wamempa mavuno yao wakamwambia, "Tunakuamini." Neno hilo lilimlemea kuliko gunia lolote.

Mnunuzi alikuwa Bwana Marete wa Meru, mwenye lori, na sheria yake haikuwa na rufaa: mwenye mali ampigie simu Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi, lori lije siku hiyo hiyo. Asiyepiga angoje wiki mbili. Baada ya wiki mbili Wawira angekuwa anauza unga wenye miguu.

Na simu ilikuwapo, tusije tukaambiwa tumekosa shukrani! Serikali, kwa huruma yake isiyo na kifani, ilikuwa imeifikisha Kamugaa mwaka uliotangulia, ili kuinua uchumi wa mwananchi. Ilikaa dukani kwa Ednah juu ya kitambaa cha kushonwa, nyeusi, nzito, yenye mkono wa kuzungusha ili kumwamsha opereta wa Embu. Siku ya kuizindua alichinjwa fahali, zikasomwa hotuba tano, na utepe ukakatwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mpiga picha alikuwa hajatia filamu. Kisha upepo wa Januari ukaja bila mwaliko ukakata waya. Kwa wiki tatu dereva wa basi aliwaletea kutoka Embu jibu lile lile: fundi anakuja kesho.

Ijumaa hiyo, saa mbili asubuhi, kesho ikafika. Fundi Muchangi akajifunga mkanda wake wa kukwea, akainua macho juu ya nguzo iliyo mkabala na duka, akasimama kama aliyemwona chui. Chini kidogo ya waya palikuwa pamening'inia mzinga wa gogo, na nyuki wakiingia na kutoka kama wenye nyumba.

"Huu ni wa nani?" akauliza.

"Wa Mzee Nthiga," akajibu Ednah.

Muchangi akafungua mkanda. Alikuwa mwana wa huko huko, na alijua. Ukiiba mbuzi Mbeere, utatozwa faini na siku moja utasamehewa. Lakini mzinga wa mwenzio huugusi, huusogezi wala huupandii, maana laana ya mwenye mzinga haihitaji kuulizia njia ya kwako. Akatoa daftari la kazi, akaandika: *Nguzo ina mwenyewe.* Akalifunga.

Wawira akatazama saa ya ukutani dukani. Saa tatu kasorobo. Akajifunga leso kiunoni, vazi la vita la mama zake, akaenda kwa Nthiga mbio mbio.

Alimkuta mzee akikata fito. "Mzee Nthiga," akanena, na sauti yake ikatetemesha kuku uani, "wewe uliyepanda miti mirefu kabla sisi hatujazaliwa! Ondoa mzinga wako, akina mama wasiangamie!"

Nthiga akaweka panga chini, akajibu kama mfalme aliyeletewa wajumbe wasio na zawadi. "Mwanangu, nilikuwa na mgunga wangu pale, na mzinga juu yake tangu enzi za baba yangu. Wakaja watu wa simu. Wakaukata mti wangu wakisema unazuia waya. Hawakubisha hodi. Halafu palepale wakapanda mti mwingine. Basi mimi nikasema, hawa ni watu wa haki, wamenilipa mti kwa mti. Nikautundika mzinga wangu. Nyuki wameingia juzi tu. Siutoi."

Na ukweli usemwe: Wawira aliona aibu kwa niaba ya serikali, kazi ambayo haina mshahara. Kisha akasema polepole, "Basi usiutoe. Panda wewe mwenyewe, uunge waya. Nyuki ni wako, na mti umesema ni wako."

Mzee akacheka, akajikuna kidevu. "Na mimi nina madebe sita ya asali, hakuna anayejua. Huyo mtu wako wa lori anayajua?"

"Atayajua."

"Kabla ya ndengu?"

Wawira akakaza leso yake. "Kabla ya ndengu."

Saa tatu na nusu, mbele ya soko zima, Nthiga, Mshinda Vilele, akapanda peku na mkoba wake wa ngozi wa kurinia asali begani. Nyuki wakamzunguka wakamtambua. Lakini, ole wetu! Waya ulikuwa umepungua shubiri moja, na kipande cha kuungia kilikuwa Embu, kitaletwa kesho.

"Vuta ncha zote mbili mpaka zigusane," Muchangi akaamuru kutoka chini, penye usalama. "Zishike hivyo hivyo!"

Nthiga akakaza miguu kwenye nguzo, akavuta, ncha zikabusiana. Wawira akazungusha mkono wa simu kwa nguvu zote za chama.

Juu ukasikika ukelele uliowaamsha popo mchana.

"Kimeniuma!"

"Nyuki?" watu wakauliza.

"Nyuki wangu hawana tabia hiyo! Ni hii simu yenu!"

"Ah, ndiyo," akasema Muchangi. "Ukizungusha, inarusha umeme kidogo. Nilidhani anajua."

Saa nne kasoro dakika sita. Wawira akatoka nje, machozi yakimlengalenga. "Mzee wangu, ukishuka sikulaumu. Mkono ni wako. Ila kwenye stoo ile kuna jasho la mama ishirini na wawili, na mimi sina mwingine wa kumwomba."

Kisha Nthiga akaingiza mkono wake ndani ya mkoba wa ngozi, akashika ncha zote mbili kupitia ngozi, akavuta.

"Zungusha! Lakini kwa adabu!"

Wawira akazungusha kwa adabu. Krr, krr. Opereta akajibu. Embu ikaita Meru. Meru ikakohoa, ikanyamaza, ikasema:

"Marete hapa."

"Ni Wawira wa Kamugaa. Kuna asali, madebe sita."

"Asali? Mama, mimi nanunua ndengu!"

"Ndengu pia zipo, magunia arobaini. Lakini aliyeshika waya ndiye mwenye asali."

Kwa muda kulisikika mvumo tu, wa waya au wa nyuki, hakuna ajuaye.

"Lori linaondoka," akasema Marete. "Na asali tutaionja."

Likaja saa tisa. Likaondoka na magunia yote na madebe yote, na Wawira akakaa kwenye sakafu ya stoo tupu, akalia kwa furaha bila kumficha mtu.

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe: siku hiyo maendeleo yalifika Kamugaa. Mgeni rasmi alisema hivyo hivyo mwezi wa Novemba, alipokuja kukata utepe mara ya tatu. Kipande cha kuungia kilikuwa bado kinaletwa kesho. Na kila Ijumaa, saa tatu na nusu, soko lote lilinyamaza, akina mama wakashika foleni mbele ya duka la Ednah, na Mzee Nthiga akachukua mkoba wake wa ngozi, akapanda mti wake.