Samaki Wasiochuja

Sanduku la kioo lilishuka Kindu kwa ndege ya mizigo, katikati ya magunia ya chumvi, na Anaclet akalisindikiza kwa macho mpaka kwenye hoteli mpya ya Papa Florentin. Lilikuwa na taa, pampu ya hewa, na picha ya samaki wekundu, wa buluu na wa manjano. Samaki wenyewe hawakuwamo. Anaclet hakuwahi kuona upungufu wa mtu mwingine bila kumshukuru Mungu, na siku hiyo alishukuru palepale barabarani.

Papa Florentin alitajirika kwa kununua dhahabu ya wachimbaji wa Pangi. Anaclet alimweleza kwamba upande wa Kibombo kuna samaki wa rangi tatu ambao wazee waliwaficha wakati wa vita. Kwa nini wazee wafiche samaki na kuwaacha watoto nje, Papa Florentin hakuuliza. Mtu anayetaka kudanganywa hana maswali mengi.

Samaki watatu wa kwanza waliletwa ndani ya ndoo. Siku ya nne walikuwa wamechuja kama kitenge cha bei rahisi, na mmoja alielea tumbo juu. Papa Florentin alimshika Anaclet shati. Anaclet aliapa kwamba hao walikuwa wachanga, wakubwa hawachuji. Basi Papa Florentin, mbele ya mchungaji aliyekuja kupanga ibada ya kufungua hoteli, akatoa neno lake:

“Muntu yeyote atakayeniletea samaki wasiochuja siku ya Jumamosi, ile pikipiki iko pale inje njo yake.”

Anaclet alikuwa ametembea kwa miguu miaka arobaini na mitatu. Aliitazama pikipiki ile nyekundu, akaiona mbingu ina magurudumu mawili.

Kazi yake ilikuwa rahisi kusimulia na mbaya kutazama. Alinunua samaki wadogo wa kijivu kwa wavuvi wa Lokandu, akawachoma sindano moja moja na kuwatia rangi ya keki. Katika kumi, sita walikufa. Safari hii aliamua kuongeza rangi maradufu. Sindano alizinunua kwa Mama Emerance, muuguzi mstaafu mwenye duka la dawa, na mama huyo alipouliza ni nani anayeumwa hivyo, Anaclet alimwambia ukweli kwa majivuno, maana ufundi ule aliuhesabu kuwa urithi kutoka kwake.

Na kweli kulikuwa na habari ya zamani. Wakati wa vita, wenye bunduki walipokuwa wakila kila chenye mabawa, Mama Emerance alimpaka kuku wake wa mwisho ile dawa ya zambarau ya vidonda, kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha. Wenye bunduki wakamwona, wakarudi nyuma hatua mbili, wakauliza ule ni ugonjwa gani. Akawajibu kwamba jirani aliyemgusa alizikwa jana. Kuku yule alitaga mpaka amani ikafika. Anaclet, aliyekuwa amejificha uani kwake siku zile, alikula mayai na kujifunza nusu ya somo.

“Mimi nilipaka kuku apate kuishi,” Mama Emerance alimwambia. “Wewe unachoma samaki afe polepole, wageni wakimupiga picha.”

“Mama, samaki haina kilio.”

“Hata wewe, nikikuchoma chini ya maji, nani atakusikia?”

Mama Emerance alikwenda mpaka kwa mnunuzi. Papa Florentin alisema kwamba yeye hashiki sindano, yeye ananunua tu. Mama akamwuliza kama sindano ingeingia kwa samaki hata mmoja endapo pasingekuwa na mnunuzi. Papa Florentin akajibu kwamba mambo hayo ni ya kanisa, akaomba aletewe chai. Mama Emerance akarudi nyumbani, akapiga magoti, akamwomba Mungu ruhusa ya uongo mmoja mdogo. Hatujui alijibiwa nini, lakini aliinuka akitabasamu.

Alhamisi mchana Anaclet alimjia na kidole kilichovimba. Alikuwa na samaki thelathini hai ndani ya beseni, na katika haraka sindano ilimwingia yeye. Mama alikitazama kidole kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema hiyo ni homa ya samaki. Dawa ni kupakwa zambarau uso, shingo na mikono, kisha kuwarudisha mtoni samaki wote kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu kila atakayekufa kwake ataongeza homa.

“Na pikipiki yangu, Mama?”

“Pikipiki itakubeba muzuri mpaka kwa makaburi.”

Anaclet alikimbia na beseni mpaka Lualaba. Mjanja huijua mitego yote, isipokuwa ule uliomlisha mayai.

Jumamosi, mbele ya mchungaji na wageni waliokwisha kushika sahani, Mama Emerance alimimina ndoo yake katika sanduku la kioo. Kambale wadogo kumi na wawili wakazama chini.

“Hii njo rangi gani?” akauliza Papa Florentin. “Iko rangi ya tope.”

“Njo rangi walizaliwa nayo. Wachunge miaka kumi, Papa. Wakichuja, uniite.”

Papa Florentin alimtazama mchungaji. Mchungaji aliwatazama kambale, akawatazama wageni waliokuwa wakijizuia kucheka, akasema kwamba neno ni neno. Ufunguo ukatoka mfukoni kama jino.

Nje alisimama Anaclet, zambarau mpaka masikioni, na umati ukimpa nafasi. Muuza ndizi mmoja mzee alimkagua, akamwuliza kwa upole kama ameanza kutaga. Hapo ndipo Anaclet alipopata ile nusu nyingine ya somo.

Mama Emerance hakujua kuendesha. Akampa ufunguo na kazi: dawa zifike Lokandu kila juma, na kambale wale, siku Papa Florentin akiwachoka, warudishwe mtoni. Anaclet akakubali kabla hajamaliza kukasirika.

Njiani kwenda nyumbani, askari aliyekuwa akisimamisha kila pikipiki aliwaona, akarudi nyuma hatua mbili, akauliza ule ni ugonjwa gani. Mama Emerance alimjibu kutoka kiti cha nyuma kwamba jirani aliyemgusa alizikwa jana.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na kwa huo alikuwa bado hajaomba ruhusa.