Reli ya Futi Nane kwa Saba

Siku Ildefonce alipoingia nyumbani kwa Mzee Nyamhanga, pale Bomani, alikuwa ameenda kumuuzia dawa ya kuongeza maziwa ya ng'ombe. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa muhogo na magadi kidogo, maana Ildefonce, pamoja na dhambi zake zote, hakupenda kumdhuru ng'ombe wa mtu. Alikuwa ndiyo kwanza anamsifia mtaalamu wa Uholanzi aliyeigundua, ndipo akaiona treni.

Ilikuwa juu ya kabati la vyombo: ya bati, kongwe, rangi ya kijani, ya kutia ufunguo kama saa za zamani. Injini moja, mabehewa matatu, na kando sanduku lililojaa vipande vya reli. Ulimi wa Ildefonce ukasimama. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu ahamie Tarime kutoka Karagwe, miaka mitatu iliyopita.

"Hiyo ni nini, mzee?"

"Treni, mura," mzee akajibu, akimwita kijana kwa Kikurya. "Kwani huioni?"

Nyamhanga alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na saba kwenye karakana ya reli Tabora, na bosi wake, Mgoa mmoja, alipostaafu alimwachia treni hiyo ya kuchezea.

"Sijawahi kuiona ikizunguka hata siku moja," mzee akasema. "Kule tulilala chumba kimoja na watoto saba, ningeitandaza wapi? Sasa daktari anasema macho haya yana mwaka, labda miwili. Stoo yangu ya mahindi iko tupu. Nataka niione humo kabla sijafunikwa na giza. Lakini chumba kidogo, reli inagoma kuenea."

Mtu mwenye moyo angesikitika. Ildefonce naye alisikitika, kwa kama dakika moja hivi. Kisha akamkumbuka Gift, binti wa mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii kule Morotonga, Mugumu. Juzi tu alikuwa amempigia simu kumwambia kuna mgeni, mzungu, anakusanya treni za kale za kuchezea, na ukimtajia bei hajui kubisha.

"Mzee," akasema, akirudisha dawa mfukoni, "Mungu ana mipango yake. Kazi yangu hasa ni kupanga reli ndogo. Hii ya ng'ombe najishikiza tu."

Mpango ulikuwa mwepesi. Atamtengenezesha fundi bati nakala ya ile injini, aiweke juu ya kabati, aondoke na yenyewe. Lakini ili aachwe peke yake na injini ilibidi aaminiwe, na ili aaminiwe ilibidi apange reli kweli. Hapo ndipo maskini alipoanza kuteseka.

Stoo ilikuwa futi nane kwa saba, na mlango wake ulifungukia ndani, kwa jeuri. Mchoro wa kwanza ulikuwa duara katikati ya sakafu.

"Na mimi nitasimama wapi?" Nyamhanga akauliza. "Juu ya dari?"

Mchoro wa pili ulikuwa na meza kubwa. Bi Rhobi, mke wa mzee, aliutazama mara moja tu akauliza meza hiyo itapita mlango upi. Katika mchoro wa tatu Ildefonce alizibana kona ili zitoshe, akajaribu kuzitetea kwa maneno matamu. Vipande vya kona vilikuwa vya chuma na havikusikiliza.

"Watu utawadanganya, mura," mzee akamwambia. "Kona hudanganyi."

Wazo lilimjia akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Meza ya nini? Rafu nyembamba izunguke kuta zote nne, usawa wa kifua, mtu asimame katikati kama mfalme. Mlango ung'olewe, ugeuzwe ufungukie nje. Pale mlangoni liwekwe daraja la ubao lenye bawaba: unaingia, unalishusha, treni inapita mbele ya kifua chako. Alitoka mbio na shuka la kinyozi shingoni.

Nyamhanga aliusikiliza mpango huo wote bila kupumua. Kisha akamshika mkono, akakaa nao muda mrefu. Ildefonce alihisi kitu kifuani akadhani ni kiungulia.

Ilibaki gharama. Mtaalamu anayeomba hela ya misumari haaminiki, kwa hiyo Ildefonce aliuza pikipiki yake, kitu pekee alichowahi kukipata kwa njia ya halali. Alinunua mbao, bawaba na rangi. Kilichobaki alikipeleka kwa Nikodemo, fundi bati wa karibu na soko, mzee wa vibatari na makarai.

"Hii ni siri," Ildefonce akamwambia, akimwonyesha picha na vipimo.

"Mimi na maneno ya watu wapi na wapi," Nikodemo akajibu.

Mzaliwa wa Tarime angeuliza kwanza mzee huyu ni wa rika la nani. Ildefonce aliuliza itakuwa tayari lini.

Kwa wiki tatu alipiga randa, akapima, akang'oa, akapima tena. Kona moja ilikuwa ikiiangusha injini, akainua ukingo wake wa nje kwa vipande vya kadibodi mpaka ikatulia. Siku ambayo Nyamhanga na Bi Rhobi walikwenda kliniki ya macho, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kuliunga daraja. Akaliunga, maana lilimkera. Kisha akaiweka nakala ya Nikodemo juu ya kabati, akaichukua injini iliyokuwapo, akapanda basi la Mugumu.

Mzungu wa Morotonga aliipokea injini kwa mikono miwili. Akaigeuza, akachungulia tumboni mwake kwa kioo cha kukuzia, akacheka kwa adabu, akampa Ildefonce naye achungulie. Ndani, kwa herufi nzuri nyekundu, bati lilisema: MAFUTA SAFI YA ALIZETI, LITA TANO.

Kesho yake asubuhi Ildefonce alifika Bomani amevimba kwa hasira. Akaufungua mlango wa stoo kwa nguvu. Katikati alisimama Nyamhanga, kushoto kwake Bi Rhobi, kulia Nikodemo, na injini ya kijani ikizunguka kwa kelele kuwapita vifuani.

"Mmenitapeli!" akapiga kelele.

"Punguza sauti, nasikiliza magurudumu," mzee akasema. "Nikodemo na mimi ni esaro moja, tulitahiriwa asubuhi moja. Mtu wa esaro yako humfichi kitu, mura. Alikutengenezea yako, na mimi akanitengenezea ya kukaa juu ya kabati. Umebadilisha bati kwa bati."

"Ulijua toka mwanzo? Mbona hukunifukuza?"

"Na daraja angelimaliza nani? Maseremala wawili walishaniambia haiwezekani."

Ildefonce alitafuta tusi la kutosha. Badala yake akajikuta anaitazama ile kona aliyoiinua. Treni iliipita bila kutikisika, na yeye akafurahi. Pikipiki imekwenda, mzungu amemcheka, na bado alifurahi. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya daraja mbele yake. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa mzee. Katika maisha yake Ildefonce hakuwahi kuomba kitu bila kukizungushia uongo. Akautafuta uongo wa kufaa, hakuupata.

"Mzee," akasema taratibu, "naomba niitie ufunguo. Mara moja tu."

Nyamhanga akamtazama kwa macho yake yaliyofifia, akampa.

"Tia," akasema. "Nikodemo, wewe kaa mlangoni."