Ushanga wa Tano

Jumatatu, 5 Mei 2025. Mandewa.

Siku kubwa. Naandika kwa kalamu mpya ili wajukuu wasome bila shida. Leo nimebuni kitu!

Kinaitwa peptidi. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino kumi na nne, ncha zake zimefungwa pamoja kama shanga za shingoni. Mbegu ya alizeti inao wa kwake tangu uumbaji. Mnyororo huo hujipachika kwenye tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, ukakibana kisifanye kazi. Nami nitabuni wa bandia, ulio bora kuliko wa alizeti, apuliziwe funza anayetumalizia mazao. Funza atakula, hatashiba. Atakula tena, hatashiba. Kuanzia Mkiwa hadi Shelui watalitaja jina la Mwalimu Sostenes.

Nimepanga mfano kwa shanga za mke wangu Emiliana na uzi wa kushonea. Aliuliza shanga zake zimefuata nini mezani. Nikamwambia sayansi. Akasema jambo kwa Kinyaturu. Mimi Mnyiramba, sikulipata lote, ila sauti ilikuwa ya pongezi.

Tatizo ni Hezekia. Yeye anafundisha baiolojia, mimi kemia. Tangu mzee Mazengo astaafu ukuu wa idara ya sayansi, sote wawili tunautolea macho ufunguo wa maabara, ambao Madam Winfrida, mkuu wetu wa shule, ameufungia kwenye droo. Leo ofisini Hezekia aliziangalia shanga zangu, akauliza: kama alizeti imeshautengeneza mnyororo, mimi nimebuni nini? Walimu wakacheka. Nami nikacheka, lakini kwa kujizuia.

Jumanne, 6 Mei.

Swali la Hezekia limenikaa kooni hadi kwenye uji. Jibu nimelipata kabla ya kumaliza kikombe. Nitabadilisha ushanga mmoja. Hapo mnyororo utakuwa wangu na alizeti haitakuwa na la kusema.

Nimechagua wa tano. Ndio uliochomoza mbele, na mtu akipaka nyumba rangi huanza na ukuta wa barabarani. Pale palipokuwa na lisini nimeweka fenilalanini, asidi amino ambayo ni nene na ina heshima.

Nikampigia Martha. Huyu ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa yuko maabara ya chuo kimoja Morogoro, na wana mashine inayounganisha minyororo ya namna hii. Katika awamu hii amepata nafasi moja. Nilipomweleza kwamba nchi inanisubiri, akakubali kunipa. Asidi ni nini, nani alimfundisha? Mimi!

Alipousikia ushanga wa tano akaniomba nirudie. Kisha akasema, "Mwalimu, huo wa tano ndio jino linaloingia kwenye tundu la tripsini. Nyingine tunaweza kujaribu. Huo naomba tuuache."

Nikamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Ameelewa. Mtoto aliyelelewa vizuri unamweleza mara moja tu. Emiliana, aliyekuwa anapepeta alizeti mlangoni, akasema hata yeye huniambia sawa akichoka kubishana. Sikuona uhusiano.

Ijumaa, 9 Mei.

Chema chajiuza. Hivyo ndivyo nilivyowaambia kinyozi, mzee wa kanisa, muuza vitunguu na abiria wote wa bajaji.

Habari zimemfikia Madam. Tarehe 26 tuna wageni wa elimu kutoka mkoani. Ameamua kwamba mwalimu atakayewaonyesha jaribio linalofanya kazi ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Hezekia naye akasema atafanya jaribio hilohilo la kuzuia tripsini, ila atatumia maji ya mbegu mbichi za alizeti alizotwanga mwenyewe. Ya kinu! Mimi naletewa ya mashine, yeye analeta ya kinu. Nimemwonea huruma hadi nikamwazima daftari.

Peptidi nimeipa jina. Sostenini.

Alhamisi, 22 Mei.

Imefika! Kondakta alinikabidhi stendi, ndani ya boksi lenye barafu iliyokwisha kuyeyuka. Kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho. Unga wenyewe kama punje ya chumvi iliyokanyagwa.

Nikafungua nione vizuri. Upepo wa Singida unajulikana. Kondakta alinifunika kwa kofia yake huku akinisema, na kwa bahati unga ulikuwa umegandia chupani. Nimemsamehe ile lugha. Hakujua yuko mbele ya nani.

Martha ameandika kwa mkono wake kwamba ikae kwenye baridi kali. Nimeiweka kwenye friza ya jirani anayeuza barafu za watoto. Nikabandika karatasi: MALI YA SAYANSI, USIRAMBE.

Jumapili, 25 Mei.

Jaribio linataka tripsini, na shule haina. Lakini kuku anayo, kwenye kongosho, na Singida mtu hakosi kuku. Baada ya ibada nikaagiza jogoo achinjwe.

Emiliana alinitengea firigisi kama kawaida ya baba mwenye nyumba. Nikaisukuma pembeni, nikaomba kongosho. Akasimama na mwiko mkononi. Aliuliza tangu lini mwanamume mwenye akili timamu anaacha firigisi anadai uchafu wa utumboni. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Iramba, akauliza kama tumegombana, maana kwao mume akikataa firigisi kikao kinaitishwa. Nusu saa nzima nimewaeleza mambo ya vimeng'enya. Mama akasema ataniombea. Firigisi akaila yeye.

Kongosho nimelisaga, nimelikamua, nimelihifadhi. Kesho nitakuwa na ufunguo. Koti jeupe limepigwa pasi mara mbili.

Jumatatu, 26 Mei.

Naandika kwa kalamu ya zamani. Mpya sijui iko wapi.

Neli tatu mezani, zote na maji ya maziwa ya unga. Ukitia maji ya kongosho, tripsini inasaga protini ya maziwa, na maziwa yanakuwa maangavu hadi uone kidole nyuma ya neli. Kizuizi kikifanya kazi, maziwa yanabaki meupe. Neli ya kwanza haikuwa na kizuizi. Ya pili Sostenini. Ya tatu maji ya kinu ya Hezekia.

Nilihutubia dakika kumi na tano. Niligusia uumbaji, funza, Morogoro na malezi yangu. Kisha tukatia kongosho na kusubiri.

Ya kwanza ikaanza kung'aa. Vizuri. Ya pili ikang'aa nayo. Nikawaambia wageni ni mwanga wa dirishani. Tukaihamisha. Ikazidi kung'aa. Mgeni mmoja akaweka gazeti nyuma yake, akasoma kichwa cha habari kwa sauti.

Ya Hezekia ilikuwa nyeupe kama mwanzo.

Nikapinga. Nilisema ule weupe ni tui la mbegu. Hezekia akatoa neli nyingine ya maji yake, aliyoyachuja kwa kitambaa mara nne. Maangavu kabisa. Aliiweka mezani taratibu, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mgeni akauliza neli ipi ndiyo yenye kazi ya chuo kikuu. Kidole changu, bila idhini yangu, kilielekea ya Hezekia. Madam akakohoa.

Ufunguo amepewa Hezekia. Aliuvaa shingoni palepale, kwa kamba ya kiatu.

Jumanne, 27 Mei.

Nilimpigia Martha kumlaumu kuhusu mashine yake. Akanisalimia, shikamoo mwalimu, kwa upole uleule. Akasema mashine haina kosa. Tripsini ilitafuta lile jino la tano, haikuliona, ikaendelea na kazi yake.

Nikauliza kwa nini hakunizuia.

"Nilikuzuia, mwalimu," akasema. "Halafu ukasema la mkuu."

Nikamwambia basi tutumie awamu nyingine, haraka. Ndipo akaniambia kwamba ile nafasi ilikuwa yake. Alikuwa ameiombea kazi yake ya shahada tangu mwaka jana. Alinipa kwa sababu kidato cha tatu, alipotaka kuacha shule, mimi ndiye niliyekwenda kwao Ikungi kwa baiskeli nikakaa uani hadi baba yake akakubali arudi. Mimi nilishasahau. Yeye hajasahau.

Nimeona aibu. Naiandika hivyo hivyo, aibu. Nilikaa mezani nikizitazama shanga za Emiliana, na wa tano ulinitazama kuliko nyingine. Nimeapa kwamba kuanzia leo nitasikiliza wanaojua.

Jioni Emiliana akaniletea firigisi. Nikaila.

Jumatano, 4 Juni.

Kalamu mpya imepatikana! Ilikuwa mfukoni mwa koti.

Martha ameandika. Mabaki ya unga wangu yaliyokuwa kwake Morogoro aliyajaribu kwenye kimeng'enya kingine, jamaa wa karibu wa tripsini, ambacho tundu lake hutaka kitu kinene. Sostenini imekikamata barabara, haibanduki! Na funza naye anacho kimeng'enya hicho! Nimezunguka meza mara tatu. Mama kanisikia, amepiga vigelegele bila kuuliza sababu.

Martha ameongeza kwamba wataalamu wa nje walishauona mnyororo wa namna hii miaka mingi iliyopita. Yaani dunia nzima imekubaliana nami. Wameniwahi tu. Wao walikuwa na maabara, mimi nilikuwa na jogoo.

Nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 6 Mei nikaongeza pembeni: "Wa tano nimeubadilisha kwa ajili ya kile kimeng'enya kingine." Wino ni uleule. Hezekia nimempa mkono na kumwambia abaki na ufunguo. Mgunduzi hafagii maabara.

Jambo la mwisho. Mwezi wa nane Martha anapata nafasi tena. Ameniandikia kurasa mbili, kwa heshima sana. Ameomba safari hii turudishe ushanga wa tano kama alizeti ilivyouweka, tuguse mmoja tu wa pembeni. Zaidi ya yote tusiguse wa tatu na wa kumi na moja, kwa kuwa hizo mbili zimeshikana katikati na ndilo fundo linaloupa mnyororo umbo lake.

Nimesoma kurasa zote mbili. Nimesikiliza, kama nilivyoapa. Kisha nikamjibu kwamba wa tano ubaki kama nilivyouweka, kwa kuwa historia imenipa haki, na wa tatu na wa kumi na moja tuzitoe zote. Mnyororo wenye fundo katikati unakosa uhuru.

Jibu limekuja upesi: "Sawa, mwalimu."

Nimemsomea Emiliana mpango wote, mwanzo hadi mwisho. Amezikusanya shanga zake mezani, akazifunga kwenye leso. Naye amekubali.

"Sawa, Baba Noel," amesema.