Daftari la Mtaa wa Kuta Nyembamba

Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la nne, alipanga chumba katika nyumba ya kumi na moja ya safu ya nyumba kumi na mbili zilizoshikana kuta. Asubuhi ya kwanza alimsikia kinyozi wa nyumba ya kumi akijitapa kwa mkewe: "Matofali haya babu yangu aliyakanyagia udongo kwa miguu yake!" Sauti ilipenya kana kwamba kinyozi amekalia kitanda cha Profesa. Mwingine angehama siku hiyo hiyo. Profesa alinunua daftari kuukuu na miwani isiyo na nguvu.

Jioni akabisha kwa kinyozi.
"Shemeji, natafiti historia ya mtaa huu. Babu yako ndiye aliyekanyaga udongo?"
Kinyozi alikaa chini. "Nani amekwambia?"
"Limeandikwa."

Kwa ukurasa mmoja wa habari za babu, wenye muhuri uliochongwa kwenye kiazi, kinyozi alitoa redio. Akinywa chai nyumba ya tatu, Profesa alisikia siri za nyumba ya nne. Wiki haikwisha, chumba chake kilijaa pasi, feni na saa ya ukutani. Elimu, wandugu, inalipa.

Ikabaki nyumba ya mwisho, ya Bi Cherehani, mshonaji mjane. Mfereji wa nyuma uliziba miaka mingi, na kila mvua maji yalirudi kwake mpaka uvunguni. Majirani walikuwa na jibu moja: pameziba kwa mwenzangu.

"Bibi, marehemu baba yako alimpigia tarumbeta bwana aliyejenga nyumba hizi," alisema Profesa.
Bi Cherehani aliacha kushona. "Limeandikwa hivyo?"
"Kwa wino, Bibi."
"Basi chukua koti hili, mwanangu. Ubarikiwe."

Kesho yake Profesa, sikio ukutani, alimsikia akimnong'oneza mke wa kinyozi, mnong'ono wa kusikika hadi sokoni: "Bwana mjenzi alifukia kasha la dhahabu mferejini. Nyuma ya nyumba ipi, baba hakusema. Usimwambie mtu!"

Profesa aliazima sepetu na kutangaza utafiti. Akachimba tangu nyumba ya kwanza, siku mbili, tope mpaka kiunoni. Bi Cherehani alimletea maji ya kunywa na kumhimiza: "Shuka kidogo, mwanangu. Historia haikai juu juu."

Siku ya tatu, nyuma ya nyumba ya kumi na mbili, sepetu iligonga chuma. Kasha hilo! Akavuta kwa nguvu zake zote, likatoka bati lenye kutu, na maji ya miaka yote yakamzoa mzimamzima hadi barabarani.

Alipofuta macho aliona mtaa mzima umesimama. Kinyozi alikuwa na redio yake kwapani.
"Mmeingia chumbani kwangu!"
"Tulikuwa tunatafiti," alisema kinyozi.

"Baba yangu aliuza mkaa," alisema Bi Cherehani. "Hadithi ya tarumbeta nilimtungia mjukuu asubuhi ile ili amalize uji. Uliponirudishia, nikajua daftari lako lina masikio." Akamkabidhi daftari na kalamu. "Sasa andika: mfereji huu aliuzibua Profesa, peke yake."

Akaandika, mkono ukichuruzika tope. Ndilo neno la kweli pekee katika daftari zima.

Jumapili mvua ilinyesha kutwa. Bi Cherehani aliinama, akapapasa sakafu uvunguni, akaikuta kavu. Akalia kwa furaha, na nyumba zote kumi na mbili zikamsikia.